Kabla ya Kumlaumu Mwana Kupona



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T) aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila Ramadhan tunakumbushana juu ya kusoma, manake huu ndio mwezi ambao neno Iqra liliteremshwa. Leo nataka pia tuzungumze juu ya kusoma, lakini usomaji wa aina nyingine. Ninakusudia mashairi na tendi, vile vitabu tunavyopewa shuleni, tukavikariri ili tupite mtihani kisha tukavisahau. Na nitaanza na mwanamke mmoja ambaye watu wanabishana juu yake mpaka leo, ilhali amelala kaburini zaidi ya miaka 150.

Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wa beti zipatazo mia moja, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Utendi huu nimeusikia ukitajwa kwenye nasaha za harusi, na nimeusikia ukitukanwa kwenye ukumbi wa chuo. Kuna ndugu zetu wa kiume wakiutaja ni kama wametoa hati ya mahakama: mke afanye hivi, mke asifanye vile, Mwana Kupona kasema, basi. Na kuna dada zetu, hasa waliofika vyuo vikuu, wakisikia jina hilo tu wanakunja uso. Kwao huyu ni mwanamke aliyewauza wanawake wenzake. Kijana mmoja analitumia shairi kama fimbo, na dada yake analikimbia kwa sababu limekuwa fimbo. Mwisho wa yote hakuna kati yao aliyeliangalia shairi lenyewe.

Kwa maoni yangu wote wawili wamelisoma kana kwamba limeandikwa juzi hapa Bulla Iftin, na mtu aliyemaliza futari yake akakaa na kalamu. Halikuandikwa juzi.

TULIYOYASOMA DUKSI

Sisi tuliopitia duksi na madrasa hatuna udhuru katika jambo hili, kwa sababu tumefundishwa mapema kuwa maneno yana sababu. Tukifika kwenye tafsiri, maalim haanzi na maana peke yake. Anauliza: iliteremka wapi, Makka au Madina? Iliteremka kwa ajili ya nani? Kulikuwa na nini siku hiyo? Elimu hiyo inaitwa asbaabun nuzuul, na Imam al-Wahidi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 468 Hijria, aliitungia kitabu kizima.

Kuna kisa katika Sahih Bukhari ambacho mimi hukipenda sana. Urwa bin Zubayr aliisoma aya ya 158 ya Suratul Baqara, inayosema kuwa mwenye kuhiji au kufanya umra hana dhambi akizunguka baina ya Swafa na Marwa. Urwa akaelewa kuwa, kama ni hivyo, basi hata asiyezunguka hana neno. Angalia vizuri: Urwa alikuwa Mwarabu wa Madina, lugha ni yake, nahau haikumshinda. Lakini Bibi Aisha (R.A), ambaye ni mama yake mdogo, habaryar kama tunavyosema sisi, akamwambia hapana, si hivyo. Akamweleza kuwa kabla ya Uislamu Ansari walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu la Manata, na walikuwa wakiona vibaya kuzunguka baina ya vilima vile viwili. Waliposilimu wakaingiwa na wasiwasi, wakamuuliza Mtume (S.A.W), ndipo aya ikateremka kuwaondolea wasiwasi wao. Yaani neno "hana dhambi" lilikuwa likimjibu mtu mwenye hofu. Halikuwa ruhusa ya kuacha. Kisa kimoja tu kimegeuza maana, na maneno yamebaki yale yale.

Sasa nielewe vizuri ndugu yangu. Qur'an ni maneno ya Allah, na utendi ni maneno ya binadamu. Siviweki kwenye mizani moja, audhubillahi. Ninachosema ni kuwa ikiwa kitabu kitukufu tunakisoma kwa uangalifu wa namna hiyo, vipi shairi la mwanadamu, aliyeishi siku zake na shida zake, tulisome kana kwamba limeanguka kutoka hewani?

SIYU, MWAKA 1275 HIJRIA

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858 Miladia. Mtungaji alikuwa akiishi katika kisiwa cha Pate, ambacho leo kiko kaunti ya Lamu. Wengi wetu tukisikia Lamu tunafikiri ni nchi ya mbali, kumbe ni jirani tuliyepakana naye, ukivuka Ijara umeingia kwake. Na mji wa Siyu wenyewe, ndani ya kisiwa hicho, ulikuwa na Wasomali miongoni mwa wakaazi wake. Ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, yenye nakshi za wino mwekundu na mweusi, bado imehifadhiwa na watu wanaijua.

Mume wa Mwana Kupona alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu. Huyu hakuwa mtu wa kukaa barazani akingoja kupepewa. Kwa miaka mingi alipigana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, ambaye alitaka pwani yote iwe chini ya bendera yake. Katika miaka ya 1840 majeshi ya sultani yalitumwa kuikabili Siyu, na Siyu, mji mdogo kiasi kile, ikayarudisha nyuma. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule ambao Sayyid Said naye alifia baharini akirudi kutoka Oman. Vita havikuisha kwa vifo hivyo. Muhammad, mwanawe Bwana Mataka, aliendelea na msimamo wa babake, mpaka katika miaka ya 1860 Siyu ikashindwa, na yeye akaishia kufungwa ndani ya Fort Jesus, Mombasa.

Basi hebu urudi nyuma uangalie ile 1858. Mwanamke ana miaka miwili tangu afiwe na mumewe. Mji wake una uadui na dola kubwa kuliko zote katika pwani hii. Yeye mwenyewe ni mgonjwa, na anasema ndani ya utendi kuwa ugonjwa umemshika mwaka mzima. Ana binti kijana anayekaribia kuolewa na mtoto mdogo wa kiume. Anajua anaondoka, na kweli hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Anamwita binti yake asogee karibu, alete wino na karatasi, ana maneno moyoni anataka kumwambia.

Huo ni wosia wa mama anayekufa. Baba wa binti hayupo, mama hatakuwepo, na mji hauna amani. Nani atamlinda? Katika Siyu ya 1858 hapakuwa na shule ya bweni, wala cheti, wala kazi ya mshahara, wala simu ya kumpigia mjomba. Kulikuwa na ukoo na kulikuwa na ndoa. Mama akamwekea binti yake akiba ya kitu pekee alichokuwa nacho, yaani ujuzi wake wa namna ya kuishi na watu na kuishi na mume bila kuvunjika. Ukisoma nasaha zile ukijua hali hii, sauti inabadilika. Huyo anayesema si hakimu. Ni mzazi mwenye haraka.

Tena utendi hauzungumzi juu ya mume peke yake, kinyume na sifa yake. Unaanza na dini, adabu, ulimi mzuri, kuwaheshimu watu, kuwasaidia wenye shida. Unaishia kwa dua ndefu, anawaombea watoto wake, jamaa zake na Waislamu, na anajiombea afya. Mume yuko katikati. Lakini wataalamu Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa kitabu jina la wosia juu ya wajibu wa mke. Jina hilo likashika. Watu wengi wanalijua jina hilo kabla hawajausoma ubeti mmoja, na wakishaufungua utendi wanaona kile walichoambiwa watakiona.

Na niongeze kitu ambacho ndugu zetu wa fimbo huwa hawakitaji kamwe. Katika utendi huo huo Mwana Kupona anamwambia binti yake amtunze mume kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Sijawahi kusikia bwana harusi akilinukuu hilo! Mtafiti Ann Biersteker aliandika mwaka 1991 akitaka utendi huu uangaliwe upya, na si yeye peke yake anayeona kuwa mwanamke huyu alikuwa na akili nyingi na kicheko kidogo chini ya upole wake. Mimi sitaki kwenda mbali na kusema alikuwa akimcheka mume. Yeye mwenyewe anamkumbuka marehemu kwa mapenzi, anaeleza walivyoishi kwa furaha mpaka mauti yakawatenganisha. Lakini mtu anayemshauri mwanawe ambembeleze mume kama mtoto hajamweka mume huyo juu ya mawingu.

Historia haimsafishi mtungaji pia, tusidanganyane. Kuna mahali anamuonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hilo nalo ni la Siyu ya 1858, mji uliokuwa na mabwana na watumwa, na Mwana Kupona alikuwa upande wa mabwana. Ukitaka kumuelewa kwa ajili ya ujane wake na ugonjwa wake, basi na hili ulibebe. Huwezi kuchukua kisa pale kinapokupendeza tu.

MZEE HAANZI NA GABAY

Jambo hili la kuuliza kisa si geni kwetu wala si la vyuo vikuu. Mzee wa Kisomali anayehifadhi gabay hakurupuki na ubeti wa kwanza. Atakohoa, atakunywa chai yake, kisha atakwambia: gabay hii aliitunga fulani, wa ukoo fulani, mwaka wa ukame fulani, alipofanyiwa jambo fulani. Ndipo anaanza. Zamani ilikuwa hivyo kwenye kanda za redio, na leo hata kwenye simu utasikia msomaji anatanguliza kisa. Bila kisa, wasikilizaji wanaona hawajapewa gabay kamili.

Chukua ile gabay mashuhuri ya Sayyid Mohamed Abdille Hassan juu ya Richard Corfield. Ukiipata bila kisa ni maneno makali mno: mtu anamsemesha maiti, anamtuma akatoe habari huko aendako. Mgeni atasema huu ni ukatili. Lakini kisa chake ni kuwa mwaka 1912 Waingereza waliunda kikosi cha askari wa ngamia huko Somaliland, wakampa Corfield akiongoze. Tarehe 9 Agosti 1913 kikosi hicho kikakutana na Madarwishi mahali panapoitwa Dul Madoba, na Corfield akauawa. Mtu ambaye Waingereza walikuwa wakimwita mwendawazimu, nao wakiwa na bunduki na magazeti, alijibu kwa gabay. Kumbe lile ni jibu.

Hata hivyo kisa hakiishi hapo, na hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa Garissa, manake wengi wetu tunamhesabu Sayyid kuwa wa ukoo wetu. Askari wengi waliokufa pamoja na Corfield walikuwa Wasomali. Na miaka minne kabla ya hapo, 1909, Sheikh Uways wa Barawa, kiongozi mkubwa wa Qadiriyya, aliuawa Biyoley na wafuasi wa Sayyid. Sheikh Uways naye alikuwa mshairi, qasida zake zinasomwa mpaka leo. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Qadiriyya na mtoto aliyelelewa kwa kumsifu Sayyid wakikaa mkeka mmoja wakasikiliza gabay moja, hawasikii kitu kimoja. Mmoja anasikia uhuru. Mwingine anamkumbuka sheikh wake. Wote wawili wanayo haki ya kukumbuka, na gabay ni ile ile. Kwa hivyo si mtungaji peke yake mwenye historia. Hata msomaji anakuja na ya kwake.

MAMBA WA MTO TANA

Abdilatif Abdalla wa Mombasa ana shairi linaloitwa Mamba, katika kitabu chake Sauti ya Dhiki. Sasa mtoto wa Garissa akisikia neno mamba hahitaji kamusi. Tunao kwenye Mto Tana, wanakula mbuzi na wanakula watu, na mama zetu wametukataza kuoga ukingoni tangu tukiwa wadogo. Anaweza kulisoma shairi lile kama onyo la mtoni akaridhika kabisa.

Lakini angalia lilikotoka. Mwaka 1968 Abdilatif, akiwa kijana wa miaka 22 tu, umri wetu huu, aliandika karatasi yenye kichwa "Kenya: Twendapi?" akiilaumu serikali ya wakati ule. Akakamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa miaka mitatu. Alifungwa peke yake Kamiti na Shimo la Tewa, na mashairi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alitoka 1972, kitabu kikatoka 1973. Ukishajua hayo, yule mamba anaacha kuwa wa mtoni. (Na kwa kukuongezea tu: mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Wallahi Kenya hii ina vituko.)

Na sisi je? Wakati Abdilatif yuko kwenye chumba chake cha peke yake, mkoa wetu mzima ulikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, iliyowekwa Disemba 1963 na kuondolewa mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale yaliyofanyika huku kwetu kati ya Disemba 1963 na Disemba 1967. Mtu wa Nairobi akisoma swali "twendapi" anaweza kuliona ni swali la siasa za vyama. Mzee wa Garissa aliyeiona Bulla Karatasi ikichomwa Novemba 1980, au mama wa Wajir aliyempoteza mtu wake Wagalla Februari 1984, atalisikia kwa sikio jingine kabisa. Na sidhani mwandishi angekasirika.

JE, KISA KIKIISHA SHAIRI NALO LIMEISHA?

Dada mmoja msomi ataniuliza: ukisema utendi ule ni wa Siyu ya 1858, si umeutupa kwenye kabati la makumbusho? Haumhusu tena mtu yeyote.

Hapana. Wanazuoni wa usuli wana kanuni kuwa kinachozingatiwa ni ueneaji wa tamko, si umahsusi wa sababu. Aya inaweza kuwa iliteremka kwa ajili ya mtu mmoja na hukumu yake ikawaenea wote. Ukijua sababu hufungi maana ndani ya sababu hiyo, bali unajua uanzie wapi kabla ya kuipeleka kwingine. Kwenye mashairi ya watu nadhani mambo yanakwenda karibu na hivyo, ila mshairi hana mamlaka ya sheria juu yetu. Mapenzi ya mama anayejua anakufa yananihusu mimi, yanamhusu kila mtu. Nasaha ya ulimi mwema na ya kumsaidia mwenye shida bado ina kazi Garissa. Utaratibu wake wa kumhudumia mume niuchukulie kuwa nasaha ya mama mmoja kwa binti mmoja, si fatwa. Mwenye kutaka haki na wajibu wa mume na mke, milango ya fiqhi iko wazi na masheikh wapo, na humo atakuta mume naye ana orodha yake. Kumpiga mkeo kwa ubeti wa mwanamke wa Siyu ni kumdhulumu mkeo na kumdhulumu Mwana Kupona pia.

Kitu kimoja kinanisumbua. Sisi tunazo buraanbur za ayeeyo zetu, zile za harusi na zile za msiba, na kuna nyimbo na gabay za miaka ya shifta ambazo wazee bado wanazo vifuani. Vijana wanazirekodi kwenye simu, wanatumiana, jambo zuri. Lakini sikiliza hizo rekodi: mara nyingi kipande cha mwanzo kimekatwa, kile ambacho mzee anakohoa na kusema nani alitunga, wapi, mwaka gani, kwa nini. Wanakiona kinachosha, wanataka sauti tamu tu. Mwana Kupona alilisikilizisha hilo mapema. Alitaka wino na karatasi kabla ya kuanza, na mwaka wake tunaujua. Ayeeyo wengi waliotunga buraanbur katika miaka ya 1960 walitunga kwa mdomo, na waliobaki hai sasa ni wachache. Usiku huu baada ya tarawehe wengi wao watakuwa macho, wakinywa chai, na hawajaulizwa.

Wallahu aalam. Ramadhan kareem.